Kabla hujapanda mtumbwi wa dagaa

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana. Hapa Igombe hatujambo, bibi yako anakusalimu. Mjomba wako kaniambia umeahidiwa kazi ya likizo ya Desemba, kuvua dagaa usiku na vijana wa Kayenze, na kwamba inalipa sana. Usijibu kwanza, baba.

Hela ya dagaa naijua, ndiyo imekusomesha. Dagaa wakiuzwa, yanatolewa kwanza mafuta ya injini, chakula na gharama za taa, tajiri mwenye mtumbwi anachukua fungu lake, kinachobaki ndicho wavuvi wanagawana. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na siku hizo hakuna anayekulipa. Upepo wa ziwa usiku sitaki hata kuuandika. Una miaka 16. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au kama baharia, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Dagaa huvuliwa saa hizo hizo.

Sikukatazi kutafuta hela, nafurahi umeitaka. Ila ihesabu kwa saa. Hata ukipata duka la mitumba Mlango Mmoja wakakupa 5,000 kwa kutwa nzima, toa nauli (bila sare konda hakubali ya mwanafunzi), toa chakula cha mchana, uone unarudi na nini.

Sasa sikia. Watoto waliomaliza darasa la saba Septemba wako nyumbani hadi Januari. Wengi wamesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na kidato cha kwanza watakuta fizikia, jiografia, hesabu, vyote kwa Kiingereza. Wazazi wanalizungumzia kila siku huku mwaloni, ufukweni tunapoanika dagaa. Wewe uliyapitia juzi tu, unakumbuka maneno gani yalikukwamisha, na hilo mwalimu mtu mzima keshalisahau. Basi wafundishe wewe. Watoto wanane, kila mmoja 500 kwa siku, ni 4,000 kwa saa mbili za asubuhi. Mchana unabaki wako, na mwakani una mtihani wa kidato cha nne.

Bei ipatane na mzazi, siyo mtoto. Malipo kila Jumamosi, yaandikwe daftarini mbele yake, maana deni la mwezi mzima hapa kwetu halilipiki. Na mtu yeyote akikuambia utume kwanza hela ya fomu ndipo akupe kazi, hana kazi huyo.

Nimeshaongea na mama wawili majirani, watoto watatu wako tayari. Ubao tutaazima kwa baba yako mdogo, chaki nitanunua mimi. Niandikie unafunga shule lini, niwaambie siku ya kuanza.

Mama yako