Kumbe hukukosea kusema mensa

Shoga yangu wa Bologna,

Salamu toka Tanga, wazima wote, joto ndo linatumaliza, na mama haishi kuniuliza kama unakula vizuri huko. Na ni hiyo kula ndo imenifanya nikuandikie, maana kwenye ile voisi yako ulisema "niko mensa, nitakupigia baadae", mi nikasikia meza, nikabaki najiuliza huyu yuko meza gani tena? Mpaka uliposema ni kantini ya chuo ndo nikacheka mwenyewe jikoni kama chizi.

Sasa we si unanijua, kitu kikinikaa kichwani silali. Nikachimba.

Kumbe sikuwa mbali! Mensa ni Kilatini, kwa Warumi ndo meza yenyewe ya kulia, na hata chakula chenyewe, maana vile vitamutamu vya mwisho walikuwa wanaviita meza ya pili. Ila mtaani hiyo n watu walishaimeza zamani (hahaha), wakawa wanasema mesa. Basi kuna orodha moja ya kale ya maneno 227, mwandishi wake anasahihisha watu neno moja moja kama mwalimu mwenye fimbo, sema hivi usiseme vile, na humo ndani yumo mwenzetu: sema mensa, usiseme mesa. Masikini ya Mungu, nani alimsikiliza? Leo Mhispania anasema mesa, Mreno mesa, Mromania masă, n haipo popote.

Na sisi tukaipata hapohapo kwenye kosa. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi 1498, wenzake wakaja wakajenga Fort Jesus, wakang'ang'ania mpaka Waomani wakawatoa 1698, wakaondoka meza wakaiacha. Na ukitaka kujua ni ya Mreno na si ya Mhispania sikiliza tu sauti, wote wanaandika s ila Mhispania anaitamka s kweli, Mreno anasema z, yaani anasema meza kabisa kama bibi yangu anaponiambia nenda kaandike meza wageni wamefika, halafu yeye mwenyewe anakaa mkekani na sinia lake, meza hata haigusi.

Kilichonishangaza zaidi ni hao wa karibu. We uko Italia, mtaa wa pili na Roma, wao meza wanaita tavolo au tavola, ambalo limetoka kwenye tabula, Kilatini cha ubao. Mfaransa naye hivyohivyo, table. Yaani wenye nyumba wamehamia kwenye ubao, sisi wa pwani na Waromania wa huko mbali ndo tumebaki na meza! Hiyo mensa yako ya kantini Waitalia wameirudisha toka kwenye Kilatini cha vitabuni, ndo maana imerudi na n yake. Kwa hiyo yule msahihishaji akikuona leo kwenye foleni na trei yako unasema mensa, atakupa maksi zote, sisi wengine atatuchapa.

Halafu usije ukaumbuka siku ukitembea: Mreno akikuambia sobremesa anakuletea kitu kitamu baada ya chakula, Mhispania akisema neno hilohilo anamaanisha yale maongezi ya kukaa mezani sahani zimeshatoka, watu wamevimbiwa, hakuna anayenyanyuka. Hayo sisi tunayo sana ila jina hatujayapa, mi naona ndo umbea wenyewe lol.

Ila huyo rumeti wako Mromania ndo nampenda bila kumuona. Kwao masă ni meza na ni mlo vilevile, wakiitana kula wanasema la masă, kama mama anavyopiga kelele "mezaniii" na sisi tuko nje tunajifanya hatusikii. Muulize kama na kwao watoto wanajifanya viziwi.

Haya, umeme wenyewe unacheza hapa, nisije nikapoteza barua yote. Nitumie picha ya hiyo mensa, nataka nione humo ndani mna tavolo ngapi.

Shogaako wa Ngamiani