Harambee ya nyumba yetu ya matofali: tunataka chokaa, sio saruji

Ndugu, mama zetu, wazee na vijana wote wa jumuiya ya Waswahili hapa Ottumwa na kaunti nzima ya Wapello, na nyie mlioko Des Moines, Cedar Rapids na kwingine kote Iowa, hamjambo. Tunawapigia hodi kwa ajili ya ile nyumba ya matofali tunayofanyia mikutano, darasa la Kiingereza la akina mama na matanga yetu, na safari hii tunaomba hela kubwa kuliko wengi walivyotegemea, kwa hiyo lazima tueleze inaenda wapi.

Ukuta wa kaskazini umechoka. Ukipitisha kidole katikati ya matofali mchanga unamwagika wenyewe, watoto wameshagundua mchezo huo na tumewakataza. Tuliita mafundi wawili, wa kwanza akasema dola 4,000, anaziba kwa saruji na wiki haiishi kamaliza. Wa pili akasema dola 15,500, anakwangua mota ya zamani, yaani ule mchanganyiko unaoshikanisha matofali, taratibu kwa mkono na kujaza upya kwa chokaa. Kamati imechagua wa pili, na tunajua kuna watu wameguna.

Sababu iko nyuma ya nyumba, njooni muione. Kuna kipande cha ukuta mwenye nyumba wa zamani alikiziba kwa saruji, na saruji yenyewe imesimama imara kabisa ila matofali yanayoizunguka yamebanduka uso, ukigusa unabaki na unga mwekundu mkononi. Matofali ya karne ya 19 ni laini, yanakunywa maji na kuyatoa, na njia ya maji kutokea ni ile mota ya chokaa katikati. Ukiweka saruji ngumu umeziba njia, maji yanabaki ndani ya tofali, alafu baridi ya Iowa mnaijua nyie wenyewe, maji yanaganda yanavimba tofali linapasuka, msimu baada ya msimu. Mota inaweza kuwekwa upya, tofali likishakufa limekufa. Waliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hili sio geni kwao, kule nyumba za mawe zimejengwa kwa chokaa na plasta ya saruji imezitesa vile vile.

Na hizi nyumba za kaunti hii zina watu wake. Ardhi hii ilikuwa ya Wasauk na Wameskwaki, wenyeji asilia wa hapa, jina la Wapello lenyewe ni la chifu wa Wameskwaki, na walowezi waliruhusiwa kuingia Mei 1843. Baadaye zikaja reli, migodi ya makaa ya mawe, na kiwanda kikubwa cha nyama cha Morrell kilichofanya kazi hapa Ottumwa tangu miaka ya 1870 mpaka 1973, kwa hiyo mitaa mingi tunayopita kurudi kutoka shifti ya usiku imekaliwa na watu waliokata nyama kama tunavyokata sisi. Wageni wanaokuja kaunti hii wanakimbilia Eldon kuona ile nyumba nyeupe ya mbao ya miaka ya 1880 yenye dirisha la upinde uliochongoka, aliyoichora mchoraji Grant Wood mwaka 1930, na inastahili kabisa kwenda kuonwa, ila hata ile ni nyumba ndogo tu ya watu wa kawaida, imesimama mpaka leo kwa sababu kuna watu waliamua kuitunza. Ya kwetu hakuna mchoraji aliyepita. Iko mikononi mwetu sisi.

Wengine mmeuliza kwa nini serikali isitusaidie. Ile nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya serikali kuu kwa majengo ya kihistoria ni ya majengo yanayoingiza kipato, yetu haiingizi kitu. Na nyumba kuandikwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria ni heshima nzuri lakini hailipi fundi.

Mpaka sa hizi tuna dola 6,200, imebaki 9,300. Chokaa haitaki baridi, inakauka polepole na ikikutwa na barafu inaharibika, kwa hiyo fundi anataka kuanza Agosti ili mwezi wa kumi barafu ikute kazi imeshika. Ndo maana tunaharakisha.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nane mchana, hapo hapo nyumbani. Kutakuwa na pilau, sombe na sambusa. Toa ulichonacho, dola tano inapokelewa kwa heshima ile ile, ahadi pia tunaandika, na kila mchango unapewa risiti na mhazini mbele ya watu. Vijana mnaoweza kubeba matofali na kuchekecha mchanga mjiandikishe kwa katibu, fundi amekubali kutupunguzia bei ya kazi hiyo, na mwenye ngazi ndefu aje nayo.