Koku, usitupe mzani kwanza

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 5 Oktoba

Koku wangu,

Hujambo? Na mama mkwe hajambo? Sisi huku wazima, ila umeme unakatika ovyo na ninashonea cherehani ya miguu kama zamani zetu.

Ile sauti yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa dukani, mkasi mkononi, kitenge chako kimetandikwa mezani, nimeshakichora chaki. Uliposema, "Kabula, nimechoka, wiki ya saba hii mzani uko palepale 81, bora nirudi kula kama watu," nikaweka mkasi chini. Kwanza kwa huruma. Halafu kwa sababu ya kifundi: ukirudi kula kama watu, mimi nikate kwa kipimo kipi?

Ndipo nikafungua daftari. Unalijua, lile la jalada gumu ambalo wateja wanaliogopa kuliko mzani wa zahanati. Tarehe 18 Agosti ulinitumia vipimo vya gauni la kipaimara cha mtoto wa dada yako: kifua 42, kiuno 38, nyonga 46. Tarehe 1 Oktoba ukanitumia vya hili gauni la sendofu: kifua 41, kiuno 36 na nusu, nyonga 45. Umeviandika wewe mwenyewe, kwa simu yako, wala hukushtuka. Haya, nitoe nusu inchi kwa sababu safari hii amekupima binti yako, na watoto huvuta futi kama wanafunga mzigo. Bado kuna inchi nzima ya kiuno imeondoka katika wiki zilezile unazolilia.

Sasa nisikilize, maana haya nimeyapitia na nimeyauliza kwa watu wanaojua.

Tangu Agosti umeanza kupanda kile kilima cha nyuma ya nyumba kila asubuhi. Misuli ikishtuliwa na kazi mpya hushika maji wakati inajitengeneza, na maji yana uzito. Ongeza chumvi ya dagaa wakavu, ongeza siku za hedhi, ongeza hata tumbo ambalo halijapata choo. Mwanamke anaweza kuwa na kilo 81 leo asubuhi, na kesho asubuhi akawa na 82 na nusu, bila kuongeza mafuta hata ya kujaza kijiko. Kwa hiyo mafuta yanaweza kuwa yanatoka polepole huku maji yamekaa mahali pake, na mzani, ambao haujui tofauti ya maji na nyama, unakuambia hakuna kitu.

Maji hayohayo ndiyo yaliyokudanganya Januari. Unakumbuka ulivyonitumia mioyo na makofi, kilo nne ndani ya wiki mbili? Nilikupongeza, sikutaka kukuharibia. Lakini mwili hutunza wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya wanga hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukipunguza chakula, wanga ule unatumika kwanza na maji yake yanatoka nao. Sehemu kubwa ya zile kilo nne uliikojoa, shosti. Na kosa letu wote ni kuifanya Januari kuwa ndiyo kawaida, halafu miezi mingine yote tunaipima kwayo.

Lakini sitakudanganya kwamba yote ni maji. Kukwama kwa kweli kupo. Bibi yangu kule Magu alikuwa na taa ya chemli. Mafuta ya taa yakikaribia kwisha kwenye chupa hakumtangazia mtu, alizungusha tu kile kitasa, utambi ukashuka, chumba kikabaki na mwanga wa kuonana sura. Sisi wajukuu tulidhani taa imechoka. Mwili nao ukiona akiba inapungua hushusha utambi kimyakimya. Kuna sehemu ambayo ni hesabu ya kawaida: kilo 11 ulizopunguza ni zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20 uliyokuwa ukipanda nayo kila ngazi. Umeitua, sasa kupanda kunakugharimu kidogo. Halafu kuna sehemu ya ujanja. Unakaa zaidi bila kujijua, unamtuma mtoto maji ambayo zamani ungeyafuata mwenyewe, na homoni inayoitwa leptini, ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha, inashuka.

Na njaa je? Hapa ndipo nilipofumbuka macho. Wataalamu wamekadiria kwamba kwa kila kilo unayopunguza, matumizi ya mwili kwa siku hushuka kalori kama 20 hadi 30, lakini hamu ya kula hupanda kalori kama 100. Fanya hesabu kwa kilo 11. Yaani anayekusukuma urudi nyuma hasa ni mwiko wa kupakulia, unaoongezeka kidogo kidogo bila wewe kuona. Wengi hukwama kati ya mwezi wa sita na wa nane, na wewe ulianza Januari. Umefika kwenye kituo kwa saa yake kabisa.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, Mmarekani mmoja, Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliwachukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa muda wa miezi sita. Walisikia baridi katikati ya kiangazi. Waliota vyakula. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kama riwaya. Hao ni wanaume wazima waliokuwa hawajui hata kukaanga yai! Nakuambia hili kwa sababu ulisema unajiona mlafi, unaota senene usiku. Si ulafi. Na msimu wenyewe wa senene uko mlangoni, nitarudi hapo.

Sasa aibu yangu. Nilianza na kilo 97, nikateremka hadi 88, nikakwama. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Wakati huo nilikuwa naapa kwamba nakula kidogo sana, ningeapa hata mbele ya padri. Akaja mama mmoja muuza poda, simtaji, akaniambia hii inayeyusha tumbo. Nilikunywa siku mbili. Koku, sikutoka chooni. Wateja wanabisha hodi dukani, mimi nimekaa nimeshika ukuta. Siku ya tatu mzani ukasoma 86, nikapiga vigelegele. Nikanywa maji, nikala uji, siku ya tano 88. Nilikuwa nimenunua harisho kwa shilingi elfu ishirini na tano.

Dada wa lishe niliyemfuata baadaye hakunicheka. Alinipa kazi moja tu: andika kila kinachopita mdomoni kwa siku saba, usibadilishe chochote, andika tu. Akaniambia kwamba mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha utafiti juu ya watu walioapa kama mimi, wakakuta kwa wastani wanakula karibu mara mbili ya wanavyosema. Hawakuwa waongo, walikuwa hawahesabu. Basi nikaandika. Kuonja mchuzi mara nne. Nusu chapati aliyoiacha mtoto, maana kutupa chakula ni dhambi. Chai ya mteja wa saa nne na vitumbua viwili, kwa sababu ni vibaya kumwacha mgeni anywe peke yake. Na mafuta! Mimi hukaangia kwa macho, namimina kutoka kwenye dumu. Siku ile nikamimina kwanza kwenye bakuli, kisha nikapima kwa kijiko kikubwa. Kile nilichokuwa nakiita "mafuta kidogo" kilikuwa vijiko sita. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Sufuria moja ya mchicha, watu wanne, kalori zaidi ya 700 zimemwagwa kabla mchicha haujaingia.

Sikuacha ugali. Sikuacha sato. Nilianza kupima mafuta, na mabaki ya mtoto yakawa ya mtoto. Ndani ya mwezi nikaenda 86, ya kweli safari hii.

Kuhusu midomo ya watu, najua ndiyo inayokuumiza zaidi, maana ulipofika kwenye habari za shangazi wa mumeo sauti ilibadilika. Huku kwetu mwanamke akinenepa wanasema ametunzwa, akipungua wanashusha sauti. Mteja wangu wa miaka mingi alikuja kupimwa sketi, akaniangalia shingoni muda mrefu, akaninong'oneza, "Kabula mwanangu, umeshapima?" Nilijua anauliza kupima nini. Nikamjibu nimepima, kiuno 39. Alicheka mpaka akakaa. Lakini usiku nililia kidogo, sikufichi. Tangu hapo nina jibu moja: daktari kasema, kwa ajili ya presha. Hakuna shangazi Tanzania hii atakayebishana na presha. Nawe huongopi, maana kwako ni kweli.

Na hapo kwenye presha ndipo nilipokusikiliza mara ya pili. Umesema kama jambo dogo, katikati ya malalamiko, kwamba siku hizi ukiinuka ghafla unasikia kizunguzungu. Koku, bado unameza dawa kwa dozi ile ya kilo 92? Uzito ukipungua hata asilimia 5 hadi 10, presha huwa inashuka, na wewe umepunguza karibu asilimia 12. Huenda dozi sasa imekuzidi. Usiipunguze mwenyewe, na usiiache. Nenda wiki hii hii wakupime, waambie umepungua kilo ngapi na waambie habari ya kizunguzungu. Hilo ni muhimu kuliko gauni na mzani vyote viwili. Na huko huko uwaulize kama kuna haja ya kuangalia tezi la shingo, likizembea nalo hukwamisha uzito.

Ukitoka huko, kama unauliza mimi ningefanya nini: ningepumzika wiki mbili au tatu. Kupumzika si kurudi kwenye ndizi zinazoogelea kwenye samli. Kula kiasi cha kubaki 81, kwa makusudi, kama kazi. Usiku lala, maana ukikesha kwenye simu kesho yake njaa inakuwa ya mbwa. Panda kilima chako. Mzani mara moja kwa wiki, asubuhi, umetoka chooni, kabla ya chai, na siku za karibu na hedhi uache kabisa. Futi mara moja kwa mwezi, na apime mtu yuleyule. Dagaa, maharage, samaki wa kuchemsha visikosekane, vinashibisha na vinalinda misuli. Baada ya hapo andika siku saba kama nilivyoandika mimi, uone mafuta yako ni vijiko vingapi. Nina wasiwasi na ile chai ya maziwa ya mama mkwe, lakini sitaki ugomvi ndani ya nyumba ya watu.

Senene kula. Wana mafuta mengi, ndiyo, basi wakaange bila kuongeza mengine, chota kikombe kimoja kidogo, kaa chini, wale kama mtu anayewapenda. Kuwakwepa Novemba nzima ukiwa Bukoba ni kujitafutia siku ya kuvamia ndoo. Na mimi ukinisahau safari hii tutakosana.

Sasa turudi kwenye kitenge. Sijakata. Jumatano jioni, ukishatoka kwa daktari, mwambie binti akupime tena, futi ikae juu ya kitovu, asivute, nawe usibane pumzi kama mwaka ule tuliposhona sare za kwaya. Niandikie namba zenyewe, usizisherehekee wala usizililie. Alhamisi nakata, Ijumaa nashona, na Jumapili nampa mdogo wangu akupelekee kwa meli. Kwenye mishono ya ubavuni nitaacha inchi moja kila upande kama kawaida yangu.

Bitana bado unanidai chenji ya elfu tatu, nitaiweka ndani ya mfuko wa gauni.

Wako,
Kabula