Muziki wa mchoraji usiulizwe utatoka lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niijibu makala iliyotoka gazetini mwako wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwashauri wasanii wa mikoani wachague jambo moja na kulishika, na wale wenye vipaji viwili wahakikishe kwamba kila kimoja kinawaingizia fedha, la sivyo wakiache. Mimi ni mchoraji wa mabango na kuta hapa Ilomba, jijini Mbeya, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 23 sasa, na nyumbani kwangu ninatengeneza muziki kwa ala nilizoziunda mwenyewe na kuurekodi kwa simu. Muziki huo sijawahi kuupeleka sokoni wala sina nia hiyo. Kwa kuwa makala ile ilitugusa sisi wa namna hii bila kutusikiliza, naona ni haki nieleze shughuli hii ya pembeni inavyofanyika, na kwa nini haistahili kupimwa kwa mizani ya biashara.

Nianze na hali ya hewa, kwa sababu ndiyo iliyouzaa muziki wangu. Jiji letu liko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti kila aliyeishi Uyole anaifahamu. Rangi ya mafuta ambayo fundi wa Dar es Salaam huipiga asubuhi na kuirudia siku hiyohiyo, kwetu mwezi Julai inaweza kulala usiku kucha, na kesho yake saa nne ukiigusa kwa ncha ya kidole ukakuta bado inanata. Ukiharakisha, mkono wa pili wa rangi unaukokota ule wa kwanza, rangi inajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na kazi yote inarudi kwenye msasa. Mvua nazo huku si za kupita, kwani huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, miaka mingine hadi Mei, na ukuta uliolowa haupokei rangi. Kwa hiyo mchoraji wa Nyanda za Juu Kusini, apende asipende, ni mtu wa kusubiri, na anayeshindwa kusubiri hawezi kudumu katika kazi hii.

Miaka ya mwanzo nilisubiri kijiweni kwenye drafti, kama mafundi wengi. Julai moja, miaka 12 iliyopita, nikiwa nangoja bango la duka la pembejeo likauke, nilianza kugonga kitako cha kopo tupu la rangi la lita nne kwa mpini wa brashi, nikasikia kuwa katikati panalia tofauti na ukingoni. Jioni ile nilichukua kebo chakavu ya breki ya baiskeli, nikaifumua, nikatoa uzi mmoja kati ya zile nyembamba zilizosokotwa ndani yake, nikaufunga kwenye ubao nilioupigilia ubavuni mwa kopo, na kipande cha mpini uliovunjika nikakiweka chini ya uzi ili kiuinue. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na yenye mkwaruzo, lakini ilikuwa sauti, na sikulala mapema usiku ule. Tangu hapo nimeunda makopo tisa, na nimejifunza kwamba kopo lenye mabaki ya rangi yaliyogandia chini hutoa sauti nzito inayokatika upesi, ilhali lililochomwa motoni na kusuguliwa hulia kwa muda mrefu kama kengele. Mabaki yale siku hizi siyatupi. Ninayaacha yagande kwa unene ninaoutaka, kwa kuwa ndivyo kila kopo linavyopata sauti yake.

Baadaye ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimebuni jambo geni. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mhehe wa Iringa, na nyumbani kwake palikuwa na ligombo, ubao uliochongwa ukawa na kina kama cha sinia, wenye uzi mmoja uliozungushwa mara kadhaa kutoka kichwa hadi kichwa, pamoja na kibuyu cha kukuzia sauti. Wahehe waliliimbia ligombo mambo mazito ya ukoo na ya vita, na mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika na mitambo yake kurekodi muziki wa wenyeji, alilirekodi likipigwa. Babu hakuwa mwanamuziki kwa maana inayotumiwa leo. Alikuwa mkulima ambaye jioni, jembe likishawekwa, alikaa na ligombo lake mpaka moto ulipofifia, na sijapata kusikia kwamba kuna mtu aliyemuuliza wimbo wake utatoka lini.

Swali hilo ndilo ninaloulizwa mimi. Hata watu wanaonipenda, wakisikia ninachokirekodi, jambo la kwanza huwa ni hilo: utatoka lini? Kisha hufuata ushauri: tafuta prodyuza, fungua chaneli, hiyo ni fursa. Wapo wanaoniambia kwa huruma ya kweli kwamba mabango ya mashine yamekwishakula kazi yetu ya brashi, jambo ambalo kwa sehemu ni kweli, na kwamba muziki ungeniokoa. Ninawashukuru, lakini mabango ya mashine hayajanifanya niuone muziki kuwa mlango wa kutokea. Ninarekodi usiku, simu ikiwa ndani ya kabati la nguo ili mwangwi wa bati usiingie, ninaweka mdundo wa kopo kwanza, kisha juu yake uzi, kisha sauti ya watoto wangu wakiitikia, tabaka juu ya tabaka, kila moja likipewa muda wake kama rangi. Mvua ikinyesha siisubiri ikatike, kwa kuwa nayo ina sehemu yake humo. Wimbo ukiharibika naufuta, na hakuna mteja anayenidai. Nadhani mwandishi wa makala hajawahi kufanya kazi ya kulipwa maisha yake yote kwa mkono uleule anaoutumia kwa anachokipenda. Angefanya hivyo angejua thamani ya mahali pamoja ambapo kukosea hakumgharimu mtu kitu.

Wala si kwamba muziki unakaa mbali na uchoraji. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kuandika neno DAWA ukutani, herufi zenye urefu wa nusu mita. Ukizipima nafasi kwa rula na kuzifanya sawa zote, A na W zitaonekana zimetengana kana kwamba ni maneno mawili, kwa sababu miguu ya A na mabega ya W yanalala upande mmoja na kuacha uwazi mpana kati yao. Hilo nilifundishwa zamani, kwamba lazima uzisogeze kwa jicho, lakini kwa miaka mingi nililifanya kwa kubahatisha. Siku ile nilisimama upande wa pili wa barabara nikalisoma neno lile kama mapigo, D ikiwa pigo, uwazi ukiwa kimya, A pigo jingine, na nikasikia mahali ambapo kimya kilikuwa kirefu mno. Nilirudi ukutani nikaisogeza W vidole vitatu. Mwenye duka hakuona tofauti yoyote, ila aliniambia ukuta wake sasa unasomeka kutoka kituo cha bajaji.

Huko nje jambo hili lina jina. Mchoraji Mfaransa Ingres, aliyezaliwa mwaka 1780, alipiga fidla katika okestra ya mji wa Toulouse alipokuwa kijana na hakuiacha alipokuwa bingwa wa picha, na hadi leo Wafaransa wakitaka kutaja shughuli mtu anayoipenda kando ya kazi yake, husema ni fidla ya Ingres. Anayenigusa zaidi, hata hivyo, ni Jean Dubuffet, aliyekuwa mfanyabiashara wa mvinyo kabla ya kujitosa kwenye uchoraji. Mwishoni mwa mwaka 1960, akikaribia kutimiza miaka 60, alianza kukaa na mchoraji mwenzake kutoka Denmark, Asger Jorn, wakipiga ala wasizozisomea na kujirekodi kwa kinasa sauti. Baadaye aliendelea peke yake, akirundika sauti juu ya sauti. Santuri zao zilitolewa Venice mwaka 1961 kwa nakala 50 tu. Kwa kipimo cha makala yenu kazi hiyo ilikuwa upotevu wa muda, na mtu yule angeshauriwa arudi kwenye picha zake.

Nasema haya nikijua gharama yake. Miaka michache iliyopita nilikuwa nachora kuta tatu za hoteli moja ambayo sitaitaja. Ukuta wa kwanza ukiwa unakauka, meneja alinikuta nimeketi kivulini na kopo langu, akasema anataka fundi makini, si mtu wa burudani. Nililipwa ukuta ule mmoja, na mbili zilizobaki akapewa mwingine. Ningekutwa nimelala, nadhani asingesema neno.

Yangu yalikwisha kunipita. Linalonifanya niandike ni kijana ninayemfundisha kazi, ambaye ana mkono mzuri wa herufi na ambaye, wakati wa kusubiri, huokota sauti za gereji na za soko la Mwanjelwa kwa simu yake na kuzipanga zikawa midundo. Baba yake, mzee ninayemheshimu, alisomewa makala ile na ndugu zake, na tangu hapo simu imechukuliwa na kijana ameambiwa achague. Mzee alinijia na methali kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nilimjibu kwa adabu kwamba methali hiyo naikubali, lakini mkono unaongoja rangi ikauke haujashika kitu, na akiujaza kijana kwa midundo hakuna kitakachomponyoka. Hakubishana nami, ila simu bado anayo yeye.

Anayetaka kuishi kwa muziki na aishi kwa muziki, na asimamie haki zake kwa nguvu zote. Ninachokiomba ni kwa hawa wengine. Ninamwomba mwandishi wa makala ile, kwa kuwa maneno yake yanasomwa majumbani na kuchukuliwa kuwa sheria, aandike tena na aseme bayana kwamba hakuwa akiwazungumzia wachoraji wanaopiga muziki nyumbani kwao bila kuuza. Mzee huyo akisomewa hilo katika gazeti lilelile, naamini atalisikia kuliko anavyonisikia mimi.

Na mwandishi mwenyewe, kama ataona vema, ninamkaribisha Mbeya. Akishuka Kabwe aulize karakana ya mabango ya Ilomba, ataelekezwa. Aje mwezi wa Julai, wakati rangi hazikauki, tutakuwa na siku nzima ya kusikiliza.

Mchoraji wa mabango,
Ilomba, Mbeya