Ratili si kilo: barua kwa mwanangu anayevuta boti kwenda Naivasha

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka hapa Pumwani. Sisi wazima. Baba yako mguu umepungua kuvimba, na juzi alitembea mwenyewe hadi msikitini. Hofu yetu ni kwako na hiyo boti.

Picha uliyonitumia jana usiku nimeivuta ikawa kubwa, nikavaa miwani, nikaitazama tena asubuhi kwenye mwanga. Ulisema chuma cha kuvutia ulichofungiwa nyuma ya gari kimeandikwa elfu tatu na mia tano, na boti pamoja na trela yake haifiki hata nusu ya hapo, basi Jumamosi unaondoka. Hebu tazama tena hiyo lebo. Baada ya 3,500 pana herufi LBS. Hizo ni ratili, mama. Ratili moja ni kama gramu 454, kwa hiyo chuma chako kinahimili kilo 1,588. Vyuma vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ndivyo huandikwa hivyo, tena hupangwa kwa madaraja: la kwanza mwisho ratili 2,000, la pili ratili 3,500, kisha wanapanda. Chako ni cha daraja la pili. Si kibovu, ila umekipa nguvu mara mbili ya ile kiliyo nayo.

Na hizo kilo 1,588 hazijawa zako bado. Ile gololi kubwa ya chuma, ambayo kikombe cha trela hukalia, huuzwa peke yake na ina kipimo chake. Yako inasomeka vizuri juu yake: inchi 1-7/8, ratili 2,000. Yaani kilo 907. Kitabu cha gari lako tulikisoma pamoja ulipolinunua: kilo 1,200 kama trela ina breki zake, kilo 500 kama haina. Sasa una namba nne mbele yako, na inayoamua ni iliyo ndogo kuliko zote. Fundi akikwambia chuma kina nguvu anasema kweli, lakini anazungumzia alichokifunga yeye. Gari hakuliunda yeye, wala gololi.

Hiyo gololi inanitisha kuliko vingine. Kikombe cha trela uliyonunua, kwa ninavyokiona, ni cha inchi 2. Gololi ya inchi moja na saba juu ya nane itaingia humo, kishikio kitafunga, hata ukitingisha utaona imekaa. Kisha utafika kwenye tuta la barabarani, shingo ya trela itaruka kidogo, na kikombe kitachomoka. Wewe unajua tuna matuta mangapi kutoka hapa hadi Naivasha. Badilisha gololi kabla ya jambo lingine lolote, iwe ya inchi 2 na yenye kipimo kinachozidi uzito wako. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo kama herufi X, ili shingo ikianguka idakwe hapo badala ya kuchimba lami.

Sasa uzito wenyewe. Mwenye boti alikwambia kilo 480, nawe ukaandika 480. Huo ni uzito wa ganda tupu, likiwa jipya na kavu. Weka injini ya nguvu farasi 60, kama kilo 110. Petroli lita 60 ni kilo 44 hivi. Trela yenyewe umesema 280. Betri 20. Nanga, kamba, maboya ya kuvaa, kasha la barafu: weka 60. Tayari ni kilo 994, na gololi yako ya sasa imeshapitwa. Halafu boti hiyo imelala nje masika yote. Sakafu yake ya mbao ikiwa imenyonya maji, kila lita iliyojificha mle ni kilo moja, na kwa macho huoni kitu. Usiniambie unakadiria. Kule Industrial Area wanunuzi wa chuma chakavu wana mizani ya kupimia magari. Fungua trela kutoka kwenye gari, iache peke yake juu ya mizani, boti ikiwa na kila kitu utakachosafiri nacho, uandike kilo zinazotoka. Mimi nitalipa.

Ikisoma tani moja au karibu na hapo, gari lako linaruhusiwa kuivuta, mradi breki za trela zinafanya kazi. Ulisema "zipo lakini zimeshika kutu." Breki zilizoshika kutu hazipo. Bila hizo kiwango chako ni kilo 500, nawe utakuwa umebeba mara mbili yake. Zifunguliwe, zisafishwe, zijaribiwe kwenye uwanja mtupu kabla hujaingia barabara kuu. Kama haziwezi kupona wiki hii, boti isubiri, au tukodi lori dogo tuipeleke. Sitakulaumu kwa kuchelewa.

Nikueleze sasa jambo ambalo sijakusimulia vizuri, kwa sababu lilipotokea ulikuwa na miaka mitatu. Wakati ule nilikuwa nikikodisha mahema na viti vya harusi, unakumbuka ile pikapu nyeupe. Tulikuwa tunateremka Eskapmenti, ule ukingo wa Bonde la Ufa, kuelekea Mai Mahiu. Trela niliipakia mimi. Viti vya chuma niliviweka nyuma kabisa kwa sababu ndivyo vingeshushwa kwanza, mahema yakawa mbele. Nilijua trela inabeba uzito ule, na ilikuwa inabeba. Nisichojua ni kwamba mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, shingo huinuka na kuunyanyua mkia wa gari, na matairi ya nyuma hayashiki tena barabara sawasawa.

Ilianza kwa kutikisika kidogo tu. Dereva akadhani ni upepo. Kasi ilipozidi kwa ule mteremko, trela ikaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi ya ile ya kwanza, nikasikia gari linavutwa makalio. Dereva akakanyaga breki kwa nguvu, kama mtu yeyote angefanya. Trela haikuwa na breki, ikatusukuma kutoka nyuma, ikajikunja, ikaingia mtaroni. Viti vilitapakaa barabarani karibu na kile kikanisa kidogo walichojenga mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942. Hakuna aliyeumia. Nilikaa kwenye ngazi za kikanisa nikitetemeka, wewe ukiwa nyumbani na bibi yako.

Kwa hiyo shingo ya trela lazima ilalie gololi kwa uzito unaofaa. Kwa boti kama yako iwe kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote, yaani kilo 70 hadi 100 kama jumla ni tani. Chini ya hapo itayumba. Ukizidisha nao, mkia wa gari utakaa chini na usukani utakuwa mwepesi mikononi. Boti ina tabia ya kuwa nzito nyuma kwa sababu injini na tangi viko huko. Ukiona shingo ni nyepesi, sogeza nguzo ya winchi, ile inayovutia boti juu ya trela, mbele ili boti nzima ije mbele, na kasha la barafu na nanga viwekwe kwenye omo, yaani mbele ya boti. Uzito huo wa shingo ni mzigo wa gari pia, uuhesabu pamoja na abiria. Usijaze watu watano na mabegi.

Na ikianza kuyumba licha ya yote, shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, iache ipungue yenyewe. Usiongeze mwendo. Usikanyage breki ghafla.

Gari lako halina tabo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na hilo huku kwetu lina maana. Injini ya namna hiyo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,800, na Limuru utavuka 2,200. Pale utakuwa umebakiwa na nguvu kama nne kwa tano, na mlima uko mbele. Ondoka alfajiri kuna baridi, tazama geji ya joto. Pita njia ya juu ya Kinungi, usiteremkie Mai Mahiu. Kwenye mteremko ingia gia ndogo tangu juu.

Simama Limuru uguse vitovu vya magurudumu ya trela. Kitovu kikikuchoma kiganja, beringi imekauka grisi. Ukifika ziwani usirudishe trela majini ikiwa bado ya moto, maji baridi yatanyonywa ndani ya beringi. Kunywa chai kwanza. Waya wa taa za trela uchomoe kabla ya kuingia majini.

Alhamisi baada ya Alasiri nitakuja kwako na mizani yetu ya bafuni na kipande cha mbao, tupime shingo kabla ya yote. Inasoma hadi kilo 150, itatosha. Hakikisha trela iko mahali tambarare, na usijaze petroli mpaka nifike, nataka nione uzito kabla na baada.

Mama yako