Nyumba ya Kukodi na Baraza ya Wenyewe

Maskati

Sahibu yangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimeisoma barua yako mara mbili. Unalalamika kwamba vipindi vya mashindano vya televisheni vinavyonunuliwa nje vinatuvua mila zetu, nawe umetoa mfano wa "Big Brother", kile kilichoanzia Uholanzi, ambamo watu wasiojuana hufungiwa nyumba moja huku kamera zikiwaonyesha kwa watazamaji. Nakubaliana nawe nusu.

Mwaka 2004 televisheni ya Kiarabu ya MBC ilikileta kipindi hicho kwa Waarabu kwa jina la "Al-Ra'is", kikirekodiwa Bahrain. Waandaaji walitenga vyumba vya kulala vya wanawake na vya wanaume, wakaweka na chumba cha kusalia. Hata hivyo watu waliandamana, na kipindi kikasimamishwa hata mwezi haujatimia. Chumba cha kusalia hakikuweza kusitiri jambo lenyewe, yaani kuwaweka wasio maharimu chini ya paa moja na kuwaalika majirani wachungulie; nyumba ilikuwa ileile ya Uholanzi, mapazia tu ndiyo yaliyobadilishwa.

Sasa tazama Abu Dhabi. Tangu 2006 kuna "Sha'ir al-Milyun", ambamo washairi hughani mashairi ya Nabati, yale ya lahaja za mabedui, mbele ya majaji, na watazamaji hupiga kura kwa simu. Kiunzi cha kipindi ni cha kigeni, hilo halifichiki, lakini kushindana kwa beti kulikuwapo kabla ya umeme, kama malumbano ya washairi ya kwetu. Mzee jirani yangu, ambaye hata kuiwasha televisheni yake huwashiwa na wajukuu, hupiga mizani kwa kidole juu ya goti, na ubeti ukipwaya huguna kabla majaji hawajafungua kinywa. Mwaka 2010 Hissa Hilal wa Saudia, uso wake ukiwa ndani ya nikabu, alighani shairi la kuzikosoa fatwa za wenye misimamo mikali, akatoka wa tatu. Shairi lile halikununuliwa Ulaya pamoja na kiunzi.

Sisemi kwamba hapana dosari. Kabila kubwa humbeba mtoto wake kwa kura hata vina vikichechemea, na hapo mzee huguna zaidi.

Basi nijibu hili: kituo cha huko Lamu kikiandaa malumbano kwa mtindo huo, utaketi kutazama, au utasema tumenunua kingine? Mjomba wako, namjua, atajiandikisha wa kwanza, kisha atanipigia simu usiku kuuliza kama kura yangu imefika.

Ni mimi akukumbukaye,
Sahibu yako