Barua kwa Baba Zuhura kuhusu pikapu na dereva wake

Shela, Malindi

Sahibu yangu Baba Zuhura,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na mama anakusalimu sana, anauliza lini utakuja kula naye samaki wa kupaka.

Ujumbe wako umenikaa moyoni. Unasema umechoshwa na hiyo Land Cruiser, kila ikitoka gereji haimalizi muda mbele inagonga tena, na kwamba mwisho wa mwezi utamwachisha kazi kijana anayeiendesha kwa sababu anaiua gari. Nakuomba usimwachishe. Gari nimeiingia chini mwenyewe nikaikagua mbele yote, na kinachoila si mguu wa yule kijana.

Nilianza na ile fito ya panhadi, inayovuka kutoka chesi hadi kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya mbele, na kuizuia isiende kando. Bushi yake ya upande wa chesi, yaani ule mpira wa kwenye maungio, bado ni mpya kwa macho: mpira mweusi tititi, maandishi ya kiwandani yanasomeka. Lakini umechanika nusu duara na kuachana na bomba la chuma lililo ndani. Mpira uliozeeka hukauka, ukafanya nyufa nyufa, ukalika pande zote. Huu umesokotwa hadi ukakatika. Bushi za ile mikono miwili inayoishika ekseli nazo zimechanika vivyo hivyo. Nikamwuliza kijana, kule gereji walikazaje? Akanieleza kwamba gari ilikuwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, wakakaza nati zote hadi mwisho, ndipo wakaishusha.

Basi ugonjwa ni huo. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Bomba la ndani hubanwa na bolti likatulia palepale, na mpira ndio unaojisokota kidogo kila springi inapopanda na kushuka. Ukikaza gari ikiwa inaning'inia, mpira unabanwa katika mkao usio wake, na ukiishusha tu umekwisha kusokotwa kabla gari haijatoka langoni. Kila shimo la njia ya Marafa linauongezea. Hata ukiagiza spea halisi kutoka Japani, itakatika vilevile. Bolti hizi huingizwa na kukazwa kiasi, kisha gari inateremshwa, inatikiswa ikae sawa, na uzito wote ukiwa juu ya magurudumu ndipo hukazwa kabisa. Ni kazi ndogo mno, na inaniuma kuona kijana wa watu anakaribia kupoteza riziki kwa kuwa mtu hakuifanya.

Sidhani ni ubaya wa hao mafundi. Wengi wamejifunzia zile za zamani zenye springi za vyuma bapa mbele, ambazo springi yenyewe ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Tangu 1999 pikapu hizi zina springi za mviringo mbele, ambazo hubeba uzito tu. Kuishika ekseli ni kazi ya ile mikono na panhadi, na kote huko mwisho wake ni mpira wa bushi. Ukilegea huo, ekseli nzima inatembea.

Halafu kuna hizo ringi pana ulizoweka. Zimeipendeza gari, sikatai. Ila zimelitoa tairi nje sana, na kadiri tairi linavyokaa mbali na kingpini, pale gurudumu linapogeukia ukikata usukani, ndivyo kila kishindo kinavyopata nguvu ya kuzikamua beringi. Nililiinua gurudumu la kushoto nikalishika juu na chini, likacheza. Nikamwambia kijana akanyage breki. Kama ni beringi za habu, zile gurudumu linazozungukia, mchezo ungekwisha. Haukwisha, kwa hiyo ni kingpini. Tulipofungua, rola za beringi yake zilikuwa zimejichimbia mistari kwenye kikombe cha beringi. Ndiyo maana usukani unashika kidogo pale katikati. Mle ndani hamna grisi tena, mna mchuzi mweusi. Sili ya ndani, ule mpira wa kuzuia oili, imepitisha oili ya difu, yale meno ya katikati ya ekseli, ikaiosha grisi yote. Sili ya nje nayo imejaa mchanga wa Ngomeni.

Na hili ndilo lililonitia hofu. Kijana anasema akifika mwendo wa 80 kwenye lami ya Mambrui na kugonga shimo, mbele yote hutetemeka, usukani unampiga mikononi mpaka akaribie kusimama. Amewaambia gereji mara nyingi. Kila mara wanamwekea dampa mpya ya usukani, ile kama shokamzoba ya kuutuliza. Dampa inauficha mtetemo kwa muda, haiondoi kilicholegea. Siku ya soko hubeba kina mama wa Gongoni nyuma, Baba Zuhura. Siku hizi akikaribia daraja la Sabaki anapunguza mwendo kabisa, na huyo ndiye unayesema hajali gari.

Sasa nifanyie haya. Nitumie pesa za beringi za kingpini na sili zake, pande zote mbili, na seti nzima ya bushi za mbele. Tusibadilishe moja tukaacha iliyochoka iile mpya. Ringi zako za awali za matairi ya 7.50R16 bado ziko stoo kwa kaka yako, nimeziona, tuzirudishe. Fundi nitakayempa ni yule mzee anayepima ukazaji wa kingpini kwa mizani ya kuvuta, hakisii kwa mkono. Nitasimama hapo hapo mpaka bolti zikazwe gari ikiwa chini, kisha tuipeleke alaimenti, magurudumu yapangwe yaelekee sawa. Na kijana nimemwambia ikirudi na chumvi aioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, maana bolti mbili tulizikata kwa moto, kutu ilikuwa imezigandisha ndani ya bomba la bushi.

Mpigie simu leo umwambie abaki kazini. Anajua ulivyosema, na tangu juzi hata chakula hali vizuri.

Msalimie Mama Zuhura na watoto.

Nduguyo wa Shela